Mwandiko Wangu kwenye Daftari la Vocha

Nilichaguliwa kwa sababu ya mwandiko. Mwaka 2009 nilikuwa kidato cha pili katika shule ya kata, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka nyumbani, na mama alikuwa mjumbe wa kamati ya vocha ya kijiji. Kamati ilikuwa na watu sita, wanawake watatu na wanaume watatu, kama mwongozo wa serikali ulivyotaka. Walipoletewa daftari wakatazamana. Lilikuwa daftari kubwa lenye visanduku vidogo vidogo: namba, jina la mkuu wa kaya, jinsi, ekari, namba za vocha, sahihi au dole gumba. Mwenyekiti wa kamati alijaribu ukurasa wa kwanza, akaharibu visanduku viwili kwa kufuta na mate, kisha akaweka kalamu mezani na kumgeukia mama.

"Yule kijana wako si anaandika vizuri?"

Ndivyo nilivyoingia kwenye utumishi wa umma, nikiwa na miaka 15, bila mshahara, juu ya dawati la darasa la tatu katika shule ya msingi niliyokuwa nimemaliza juzi juzi.

Watoto wa siku hizi ukiwatajia vocha wanafikiria muda wa maongezi. Hii ilikuwa vocha ya pembejeo, karatasi yenye namba na thamani yake, kama hundi ndogo hivi. Kaya iliyobahatika ilipata tatu: moja ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia, ya pili ya mfuko wa Urea wa kukuzia, na ya tatu ya mbegu, kilo 10 za mahindi chotara. Kifurushi kizima kilipimwa kitoshe ekari moja. Wa mpunga nao walikuwa na mbegu zao, na kwa mbolea ya kupandia mtu aliweza kupata DAP au mifuko miwili ya fosfati ya Minjingu badala yake. Vocha ililipa nusu ya bei. Nusu nyingine mkulima alitoa mfukoni, pale pale kwenye duka la wakala, ndipo abebe mfuko wake. Wakala naye alikusanya vocha na kuzipeleka benki kuchukua ile nusu ya serikali.

Naomba uikumbuke hiyo nusu ya mfukoni. Nimeizunguka miaka mingi na bado sijaimaliza.

Kwetu ni Ruvuma, upande wa Peramiho, katika ile mikoa minne ambayo nchi ilizoea kuitegemea kwa mahindi: Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa. Mbolea kwetu si jambo la kuletwa na mradi. Babu alilima na SA, yaani mbolea ya salfeti ya amonia, enzi za vyama vya ushirika, wakati mbolea ilikuwa na bei moja nchi nzima, uwe unakaa jirani na bandari au huku mwisho wa barabara ya vumbi. Mifuko mitupu ya enzi zile tuliikuta, imeshonwa pamoja kuwa turubai la kuanikia mihogo. Ruzuku ile ilipunguzwa hatua kwa hatua hadi ikafutwa katikati ya miaka ya 1990, wakati wa masharti ya kurekebisha uchumi. Babu hakuwa na lugha ya masharti. Yeye alisema tu, "Mbolea ilipanda gari ikarudi Dar es Salaam." Mwaka 2003 serikali ilianza tena kidogo kidogo kwa kulipia sehemu ya usafirishaji, halafu ikaja 2008. Bei ya chakula duniani iliruka, na bei ya mbolea ikaruka juu zaidi. Tani ya DAP kwenye soko la dunia mwaka ule ilipita dola 1,000. Hapo ndipo vocha ziliposambazwa, na mwaka uliofuata Benki ya Dunia ikakubali kuikopesha Tanzania dola milioni 160 kwa ajili ya mpango huo. Lengo lilikuwa kuzifikia kaya milioni 2.5. Agosti ya 2009 ikazinduliwa Kilimo Kwanza, azimio la serikali la kuinua kilimo, na redio ya baba haikuwa na habari nyingine.

Sasa tazama sifa za mtu wa kupewa vocha. Nilizinakili kwa mkono kutoka kwenye karatasi ya bwana shamba, ndiyo maana hazijanitoka. Awe mkulima anayeishi kijijini. Asiwe analima zaidi ya hekta moja ya mahindi au mpunga. Kaya zinazoongozwa na wanawake zipewe kipaumbele, na vivyo hivyo wale ambao kwa miaka mitano iliyopita hawakutumia pembejeo za kisasa, au wamezitumia kidogo sana. Awe tayari kuchangia nusu ya bei.

Soma tena hizo mbili za mwisho kwa pamoja. Anatafutwa mtu ambaye miaka mitano yote hakununua mbolea, na kijijini kwetu hakukuwa na sababu ya kutonunua zaidi ya moja: hela. Halafu huyo huyo anatakiwa atoe hela. Wala si kidogo. Msimu ule, kwa pale kwetu, nusu ya mkulima kwa vocha zote tatu ilipita shilingi 50,000. Kibarua cha kutwa cha kulima kililipa 1,500. Mwanamke anayeishi kwa vibarua angepaswa kulima mashamba ya wenzake siku zaidi ya thelathini, mfululizo, bila kununua chumvi wala sabuni, ili apate haki ya kulima lake kwa ruzuku. Tena siku hizo ni za Novemba, wakati kila mtu anakimbizana na mvua ya kwanza.

Kamati ilikaa siku tatu. Vocha zilizoletwa zilitosha kaya mia moja na kitu, na kijiji kilikuwa na kaya zaidi ya mia tatu. Niliandika majina niliyotajiwa. Sikuona wizi, kama unasubiri niseme hivyo. Niliona watu wazima wakihangaika. Likitajwa jina, mmoja anauliza, "Huyu ataweza nusu?" Kimya. Mwingine anasema, "Tukimpa akashindwa, vocha itaozea ndani." Basi linatajwa jina la mtu mwenye uwezo. Mwalimu mkuu msaidizi. Mwenye mashine ya kusaga. Mwenyekiti wa kitongoji, halafu mwenyekiti wa kitongoji cha pili, kwa sababu huwezi kumpa mmoja ukamwacha mwenzake. Wajumbe wote sita wa kamati. Mwongozo ulisema pia wajane, kwa hiyo wajane wakaandikwa, wale ambao hakuna aliyethubutu kuwaruka. Jina la baba lilikuwa mstari wa kumi na mbili. Nililiandika vizuri kuliko yote.

Mstari wa arobaini na kitu niliandika jina la jirani yetu. Simtaji hapa. Mimi namwita Mama Mkubwa, ingawa hatuna undugu wa damu. Alikuwa rika la juu ya mama, mjane, na mashamba yetu yalipakana kwa mfereji. Ekari: moja na robo. Siku ya kugawa alikuja na kitenge chake cha kanisani. Kwenye kisanduku cha mwisho alibonyeza dole gumba, na kwa kuwa alibonyeza kwa nguvu, wino ulivuka mstari ukaingia kwa mtu wa chini yake. Akaniomba radhi kama vile daftari ni langu.

Wiki mbili baadaye alipiga hodi kwetu jioni. Mama alimkaribisha, akampa kigoda na uji. Walizungumza habari za mvua, za mjukuu wake aliyekuwa anaumwa, za mvua tena. Alipomaliza uji alifungua pindo la kitenge, akatoa vocha tatu zilizokunjwa mara nne, akaziweka juu ya goti la baba.

"Kaka, mimi hizi sitaziweza. Zitaniharibikia ndani."

Baba aliziangalia. Akasema atampa elfu kumi na debe mbili za mahindi. Mama hakusema kitu, alikuwa anakwangua sufuria. Kesho yake baba na Mama Mkubwa walikwenda pamoja kwa wakala na mkokoteni. Yeye akatoa vocha na kuweka dole gumba nyuma yake, baba akatoa pesa ya nusu, mifuko ikapakiwa, ikashushwa kwetu. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sawa. Mjane mmoja, kipaumbele cha serikali, amepokea DAP mfuko mmoja, Urea mfuko mmoja, mbegu kilo 10. Mkaguzi yeyote angekuja angekuta dole gumba mbili zinazofanana, ile ya kwenye daftari na ile ya nyuma ya vocha.

Desemba tulipanda. Bwana shamba alikuwa amewafundisha watu kutumia kisoda, kile kizibo cha chupa ya soda: kisoda kimoja cha mbolea kila shimo, unafukia kwa udongo kidogo, ndipo unaweka mbegu juu, la sivyo mbolea inaiunguza. Mashimo yanafuata kamba yenye mafundo, sentimita 30 kwa 75. Ni kazi ya kuinama kutwa. Mmoja anachimba, wa pili anaweka mbolea, wa tatu anafukia na kudondosha mbegu. Baba aliita vibarua wawili kwa ekari ya pili, na mmoja wao alikuwa Mama Mkubwa. Yeye alipewa kisoda na beseni la DAP. Mimi nilikuwa nyuma yake na mbegu.

DAP ina rangi ya kahawia iliyofifia, punje zake ngumu kama uwele mkubwa, na mikono ikitoka jasho inaanza kuwasha. Alikuwa anajaza kisoda mpaka kinakuwa na kichuguu. Mimi, msomi wa kidato cha pili, nikamwambia, "Mama Mkubwa, bwana shamba kasema kisoda cha kusawazisha. Ukijaza hivyo haitafika mwisho wa shamba."

Hakusimama, hakugeuka.

"Mwanangu, si mbolea yangu hii? Niache nijaze."

Vibarua wakacheka, na yeye akacheka. Nami nikacheka, kwa sababu kila mtu alikuwa anacheka. Jioni alilipwa 1,500.

Ekari hiyo ilitupa magunia 16. Miaka ya nyuma, bila mbolea, ilitoa sita, mwaka mzuri saba. Sitaki mtu asome makala haya akaondoka na wazo kwamba mbolea haikufanya kazi. Ilifanya kazi hasa. Mahindi yalikuwa meusi kwa ukijani, marefu, na baba alikuwa akitembeza wageni pale kana kwamba ni ng'ombe. Ada ya shule ya kata ya kutwa wakati ule ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na kabla ya hapo nilikuwa narudishwa nyumbani karibu kila muhula kwa sababu ya ada na michango. Baada ya mavuno yale sikurudishwa tena. Mama Mkubwa alivuna magunia matano.

Miaka ilipita nikafika chuo, na katika kutafuta kitu kingine kabisa nikakutana na utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu vocha hizi katika mkoa wa Kilimanjaro. Waliochunguza waliangalia nani hasa alipewa. Wakakuta kwamba takriban asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa ziliishia kwenye kaya zenye viongozi wa kijiji waliochaguliwa. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Kilimanjaro ni mbali na kwetu, mlima mwingine, kabila jingine, mazao mengine. Lakini niliona lile dawati la darasa la tatu, nikaona mstari wa kumi na mbili. Mimi ni wa ile asilimia 60. Ada yangu ni ya ile asilimia 60.

Likizo iliyofuata nikamweleza mama. Nilitarajia aone aibu kidogo. Ujana una mambo yake. Mama alikuwa anapukuchua mahindi, hakuacha.

"Sasa ungempa nani? Sema. Usiseme maskini. Taja jina."

Nikataja jina la Mama Mkubwa.

"Huyo tulimpa. Taja mwingine."

Nikanyamaza. Mama akaanza kunihesabia, na mama kwa hesabu simwezi, ingawa mhasibu ni mimi. Fulani tulimpa, akaiuza kwa wakala kwa elfu tano. Fulani tulimpa, mumewe akaipeleka kilabuni. Fulani hakutaka hata kuandikwa, alisema asiletewe deni. Waliobaki ni wale wenye nusu, na wenye nusu ni akina nani kijijini? Ni mwalimu, ni mwenye mashine, ni mwenyekiti. "Serikali imesema tuwape maskini wenye pesa," akasema. "Wewe uliandika mwenyewe."

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa hasira yangu nilikuwa nimeielekeza kwa kamati, wakati kamati ilikuwa imefanya kile karatasi ilichoiomba. Sisemi kila kijiji kilikuwa na kamati kama ile. Upendeleo ulikuwepo, na kwetu pia: hakuna mjumbe aliyejiruka. Lakini hata ungewaweka malaika sita pale darasani, nusu ya mfukoni ingewapeleka mlango ule ule wa mwenye mashine ya kusaga.

Na serikali yenyewe, ukifikiri vizuri, nusu yake ilikuwa imeikopa sehemu kubwa, tena kwa riba nafuu na miaka mingi ya kulipa. Mama Mkubwa nusu yake angeikopa wapi? Kwa baba, ambaye ndiye aliyeinunua vocha?

Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, ambako watu wa Mbamba Bay wana ndugu na wateja, Malawi walianza mpango wao mkubwa mwaka 2005, na walicheza tofauti. Ilipofika msimu wa 2008/09 mkulima mwenye kuponi alichangia chini ya moja ya kumi ya bei ya mfuko. Mahindi yalijaa, na bajeti ya nchi ikalemewa, wafadhili wakalalamika. Upendeleo haukuwakosa nao. Lakini swali la kamati, "ataweza nusu?", kule halikuwa na uzito ule. Huwa najiuliza Mama Mkubwa angefanya nini kama ingekuwa moja ya kumi. Elfu kumi na kitu angeipata. Angeuza kuku wawili.

Kuhusu mawakala nitasema kwa kifupi, kwa sababu habari zao zimesemwa sana na mara nyingi kwa jazba. Mchezo ulikuwa rahisi. Mtu anakuja na pikipiki, anakaa karibu na kilabu, ananunua vocha kwa elfu tano au sita na kukusanya sahihi na dole gumba. Hakuna mfuko unaohama, lakini nusu ya serikali inalipwa kana kwamba umehama. Kwetu alikuja mmoja hivyo, misimu miwili, na kila mtu alimjua. Lakini kulikuwa na wengine waliotoa mbolea ya kweli na kusubiri malipo ambayo hayakuja. Madai ya msimu wa 2015/16 yalizungushwa miaka, bungeni yakiulizwa na kujibiwa kuwa uhakiki unaendelea. Muuza duka mmoja wa njia panda ya kwetu alikopa ili kujaza stoo msimu ule. Duka lake sasa ni saluni. Anapanda bodaboda, na ukimtajia vocha anawasha injini.

Baada ya hapo vocha za karatasi zikafa bila mazishi. Mwaka 2017 ukaja utaratibu wa kuagiza mbolea kwa pamoja na bei elekezi. Mwaka huo huo mahindi yakazuiwa kwenda nje ya nchi na bei ya gunia ikaanguka mpaka baba akaacha ekari moja ikae bila kulimwa. Mama alikuwa na kipimo chake: mfuko mmoja wa DAP ni debe ngapi za mahindi? Anasema hicho ndicho kinachomwambia kama serikali inampenda mkulima au la. Mwaka 2017 alikataa hata kupiga hesabu.

Baba alifariki 2019. Halafu ikaja korona, halafu vita vya Ukraine, na mfuko wa DAP ukapita laki na ishirini. Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia akazindua ruzuku mpya, shilingi bilioni 150 kwa msimu wa kwanza. DAP na Urea zikashushwa hadi 70,000 kwa mfuko wa kilo 50. Na hili lazima niwape haki yao: kamati hakuna. Mstari wa kumi na mbili hakuna. Kila mkulima aandikishwe kwa mtendaji, apate namba yake, akanunue. Wenye shamba la robo ekari na wenye ekari mia, wote namba. Nilipoisikia redioni kwenye daladala pale Ubungo nilishusha pumzi.

Nilisahau jambo moja. Mama hakuwa na simu siku ya kuandikishwa, ilikuwa imeibiwa, kwa hiyo alitoa namba ya mwanawe wa Dar es Salaam. Desemba alikwenda mjini Songea kwa wakala, akalala kwa ndugu, akapanga foleni saa kumi alfajiri. Ilipofika zamu yake, saa nane mchana, wakala aliingiza namba yake na ujumbe wenye tarakimu za kuthibitisha ukaja kwangu, kilomita mia tisa kutoka pale, nikiwa kwenye kikao na simu ikiwa imezimwa sauti. Mama alisimama dirishani dakika kumi akiazima simu za watu kunipigia. Watu wa nyuma wakaanza kuguna. Mtandao ukakatika. Nilipogundua, nilikuwa na simu kumi na nne ambazo sikupokea na mfululizo wa tarakimu zilizokwisha muda wake. Alipata mifuko yake kesho yake. Nauli, chakula, siku mbili, na kibarua wa kumbebea mpaka stendi. Alipiga hesabu yake ya debe, akaniambia jibu, sitaliandika hapa.

Mwaka uliofuata nilichukua likizo Oktoba makusudi, nimpeleke kwa mtendaji tubadilishe namba ya simu. Mama Mkubwa aliposikia akasema naye tumpitie, aone kama jina lake lipo. Sasa ni bibi kweli kweli, anatembea na fimbo, lakini bado analima ile ekari na robo kwa mkono wake na wa mjukuu yule aliyekuwa anaumwa. Njiani alinieleza kuwa mwaka uliopita hakununua mfuko. Alinunua mbolea ya kupima dukani, kilo kilo, kwa bei ya dukani, isiyo na ruzuku. Kilo kumi. Alipopata elfu tano alinunua, akipata nyingine anaongeza. "Ya serikali ni rahisi," akasema, "lakini haipimwi."

Ofisini kwa mtendaji kulikuwa na kijana wa kidato cha nne akisaidia kazi, mwandiko safi, shati la shule. Daftari lilikuwa lile lile kwa sura: visanduku, namba, jina, ekari. Akatafuta kwa kidole, akampata mama, akabadilisha simu. Akamtafuta Mama Mkubwa, akamgeuzia daftari kana kwamba angelisoma. Nililisoma mimi. Jina sawa. Ekari: tatu.

"Ana moja na robo," nikasema.

Kijana akaniangalia, akaangalia mlango wa ndani alikokuwa mtendaji. "Ndivyo ilivyokuwa kwenye orodha ya zamani, kaka. Mimi nimenakili."

Inawezekana kabisa. Inawezekana pia kuna mtu ambaye ekari zake zinamwonea haya akazificha kwa wajane. Nilikuwa bado natafuta namna ya kuuliza bila kumtia kijana wa watu matatani, Mama Mkubwa akanivuta shati.

"Imeandikwaje?"

"Imeandikwa una ekari tatu, Mama Mkubwa."

"Tatu? Kwa hiyo wananipa mifuko mingapi?"

Nikamhesabia. Mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kwa kila ekari. "Sita."

Alikaa kwenye benchi. Alianza kucheka taratibu, kisha akacheka mpaka akaiachia fimbo ikaanguka, akafuta macho kwa ncha ya kitenge, na mama naye akaanza, na kijana wa kidato cha nne akawa hajui acheke au asicheke.

"Sita!" akasema Mama Mkubwa. "Mwanangu, nitaiweka wapi? Nyumba yenyewe chumba kimoja."